Pawatila au trekta dogo la magurudumu manne?

Kwa mkulima wa mpunga wa Mbarali au Kilombero mwenye majaruba yenye maji, mimi nasema pawatila, yaani mashine ya kulimia ya magurudumu mawili inayoongozwa kwa mikono, na nasema bila kusita. Ina uzito wa karibu nusu tani. Ukiifunga magurudumu ya chuma inakatiza kwenye tope, na ikikwama vijana wachache wanaitoa. Trekta dogo la nguvu ya farasi 25 hadi 30 lina tani moja na zaidi; likizama, lazima utafute trekta jingine la kulivuta.

Halafu kuna ufundi. Injini ya pawatila nyingi ni ya dizeli, silinda moja, unaiwasha kwa hendeli. Mikanda inapeleka nguvu kwenye klachi, na ikilegea unaikaza kwa spana. Tangi la maji ya kupoza injini liko juu wazi: mvuke ukizidi, unaongeza maji. Fundi wa baiskeli mwenye akili anaweza kuizoea.

Trekta dogo lina haidroliki (mfumo wa kuinua zana kwa nguvu ya mafuta), betri, pampu na mafuta ya aina kadhaa, na uchafu ukiingia kwenye haidroliki gharama si ndogo. Lakini juani, kwenye ardhi kavu ya mahindi, uzito uleule unageuka faida: tairi zinashika, jembe la sahani linazama. Pawatila hapo inaruka juu ya udongo mgumu na kumchosha dereva anayetembea nyuma yake. Mwenye ekari 20 za nchi kavu asiinunue.