Vidole vya Bela au magunia ya Tshibumba?

Mchoraji wa Lubumbashi asiyepitia shule ya sanaa ana wakubwa wawili wa kuwatazama. Bela Sara, wa Hangar, karakana ya uchoraji iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1946, aliacha brashi, akachovya vidole kwenye rangi na kujaza karatasi nukta nukta: wanyama na wawindaji aliowabeba akilini. Inapendeza macho.

Tshibumba Kanda-Matulu yeye alichota kwenye historia: Lumumba, wakoloni, wafanyakazi wa migodi. Miaka ya 1970 alichora juu ya magunia ya unga, akaandika maneno ndani ya picha, na kila mchoro ukaja na masimulizi yake. Mimi ningeanza na huyu. Magunia yapo sokoni, na wazee wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, bado wana mengi ya kusimulia.