Chumba Maalumu cha Sinema Nyumbani: Ukijenge au Utosheke na Sebule?

Anayefikiria kujenga chumba cha sinema nyumbani kwa kawaida huanza na vifaa: projekta ipi, skrini inchi ngapi, spika za aina gani. Vifaa hivyo unaweza kuvifunga popote. Chumba maalumu kinakupa giza kamili na uhuru wa kupandisha sauti saa yoyote bila kumwamsha mtu, mambo ambayo sebule haiwezi kukupa. Hayo mawili ndiyo unayoyanunua. Kama huyahitaji kwa kiasi cha kuyagharimia, chumba kitageuka stoo hata kama uwezo unao. Kama unayahitaji kweli, hakuna runinga itakayoziba pengo hilo.

Hapa nimezipanga njia nne kwa kuangalia raha unayoipata ukilinganisha na fedha, nafasi na usumbufu unaoutoa. Chumba maalumu nimekiweka nafasi ya tatu, ingawa kwa watu wachache ndicho jibu sahihi kabisa.

Nafasi ya kwanza: runinga kubwa sebuleni, na spika za kueleweka

Kwa familia nyingi safari inaishia hapa, na inaishia vizuri. Zamani ukitaka picha kubwa ulilazimika kununua projekta. Siku hizi runinga za inchi 75 na 85 ni bidhaa za kawaida, na za inchi 98 zinapatikana. Tena runinga ina nguvu ambayo projekta haina. Skrini ya jumba la sinema huangazwa kwa kiwango cha niti 48 hivi (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini), na kinatosha kwa sababu ukumbi ni giza. Runinga nzuri ya HDR, yaani yenye teknolojia inayopanua tofauti kati ya mwanga na giza, hufika niti 1,000 na kupita kwenye sehemu zenye mwanga mkali, ndiyo maana inavumilia dirisha lililo wazi na taa ya jikoni. Ukichukua ya OLED, kila nukta ya picha hujizima yenyewe, kwa hiyo weusi wa usiku unakuwa weusi kweli.

Kabla ya kuchagua ukubwa, chukua futi kamba upime kutoka kwenye kochi hadi ukutani. Kwa runinga ya umbo la kawaida la 16:9, ukikaa umbali wa mara 1.6 ya ulalo wake, picha inajaza nyuzi 30 za upeo wa macho yako, kiwango kinachotosha kukufanya ujihisi uko sinema. Ukisogea hadi mara 1.2 unapata nyuzi 40, na hapo picha inakumeza. Runinga ya inchi 75 inataka ukae kati ya mita 2.3 na 3. Kochi likiwa mita 4 kutoka ukutani, itabidi ufike inchi 98 ndipo upate zile nyuzi 30. Mara nyingi kusogeza kochi mbele nusu mita ni nafuu kuliko kupanda daraja la runinga, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ambayo ningemshauri mtu yeyote.

Na kama umeamua kwenda mpaka inchi 98, pima pia mlango, ngazi na kila kona ya njia. Skrini hiyo ina upana wa takriban sentimita 217 na kimo cha sentimita 122, bado hujahesabu fremu na boksi. Lifti nyingi haziwezi kuipokea.

Fedha inayobaki ipeleke kwenye sauti. Spika za runinga nyembamba hutazama chini au nyuma, ndiyo maana mazungumzo yanasikika kama yanatoka nyuma ya pazia huku milipuko ikitikisa vikombe. Kwenye filamu, sehemu kubwa ya maneno hupitia chaneli ya katikati. Kwa hiyo ukinunua saundiba, yaani spika ndefu moja ya kuweka chini ya runinga, hakikisha ina spika ya katikati inayojitegemea. Bora zaidi ni spika tatu halisi za mbele na sabufa moja (spika ya besi), zikiendeshwa na risiva, kifaa kinachopokea sauti na kuzipa spika nguvu. Spika tatu nzuri zinashinda saba dhaifu kila siku, na za nyuma unaweza kuziongeza baadaye. Za kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kila upande kutoka katikati ya unapokaa, na za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120.

Nafasi ya pili: chumba chenye kazi mbili

Kama una chumba cha wageni, ofisi ya nyumbani au chumba cha watoto walioshakua na kuondoka, unaweza kupata sehemu kubwa ya faida za chumba maalumu bila kubomoa chochote. Unachohitaji ni mapazia mazito yanayopishana katikati na kufika sakafuni, zulia nene, rafu ya vitabu kwenye ukuta wa nyuma ili sauti isirudi moja kwa moja, na rangi iliyofifia isiyong'aa.

Hapa ndipo projekta inapoanza kuwa na maana, lakini uelewe kwanza inavyofanya kazi. Projekta hairushi weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni mahali ambapo mwanga haukurushwa, hivyo weusi wake hauwezi kuzidi jinsi skrini inavyoonekana projekta ikiwa imezimwa. Ukiona skrini ya kijivu kabla ya filamu kuanza, usiku wote ndani ya filamu utakuwa wa kijivu hivyo hivyo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hata ukiziba madirisha yote, picha yenyewe inaangaza dari nyeupe, na dari inaurudisha mwanga huo kwenye skrini. Jaribu hivi. Cheza onyesho la usiku lenye taa moja kali, kisha mtu mmoja ashike shuka jeusi juu, karibu na skrini, akizuia sehemu ya dari. Tazama kivuli kilicho kando ya ile taa kinavyozama. Ukishaona tofauti hiyo utaelewa kwa nini kupaka rangi ya giza isiyong'aa mita mbili za kwanza za dari na kuta kunainua picha kuliko kubadilisha projekta ya kati kwa ya juu yake.

Kuhusu taa ya ndani, projekta za leza huhesabiwa kudumu saa 20,000 hivi. Zile za balbu hudumu kati ya saa 2,000 na 5,000 kabla ya kubadilishwa balbu, na mwanga wake unashuka taratibu kabla ya hapo. Kama mnatazama kila siku, chukua leza.

Nafasi ya tatu: chumba maalumu

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kabla ya kumwita fundi, weka daftari karibu na rimoti kwa mwezi mmoja. Kila unapotamani kutazama filamu, andika kilichotokea. Uliitazama ukaimaliza? Kama hapana, nini kilikuzuia? Mwanga? Watoto wamelala na sauti ikabidi ishushwe? Mwingine alitaka taarifa ya habari? Au ulikuwa umechoka tu? Mwisho wa mwezi majibu yatakuwa yamejipanga yenyewe. Kama vikwazo vingi ni mwanga, kelele na kugombea runinga, chumba kitavitatua. Kama vikwazo ni uchovu na kukosa muda, hakuna ukuta utakaokuongezea saa mbili jioni.

Angalia pia mnatazama nini. Mpira, habari na vipindi vya kupiga soga vinataka watu wanaopita, wanaokula, wanaoingia na kutoka. Vitabaki sebuleni hata ujenge jumba. Chumba maalumu ni cha mtu anayetaka kukaa na filamu mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa kwa wiki, kwenye nyumba yake mwenyewe ambayo hana mpango wa kuihama, na chumba hicho hakihitajiki kwa mtu kulala. Ukikosa sharti moja kati ya haya, nafasi ya pili inakufaa zaidi.

Ukitimiza yote, basi fahamu kwamba gharama kubwa imefichwa ndani ya kuta.

Watu hubandika sponji ukutani wakidhani wamezuia sauti. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba, basi. Haizuii sauti kutoka. Kuizuia kunataka mambo matatu yaende pamoja: uzito, mwachano na kuziba. Uzito ni kama tabaka mbili za jipsamu badala ya moja. Mwachano ni ukuta wa ndani usiogusana na wa nje, ili mtetemo usipate daraja. Na kuziba ni kila tundu, kwa sababu sauti hupenya kama maji: penye upenyo itapita. Ndiyo maana mlango mwepesi wenye uwazi chini unaharibu kazi ya ukuta wa gharama. Anza na mlango mzito wenye mpira pande zote nne, uone umepata nini, kabla hujagusa kuta.

Besi ndiyo ngumu kuliko zote. Sauti ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa mita 8.6, na wimbi la namna hiyo halishtuki kwa pazia. Anayelala chumba cha pili atalisikia hata pale maneno hayasikiki tena.

Umbo la chumba nalo lina kauli yake. Kila kipimo kina noti yake ya besi inayovimba: urefu wa mita 5 huvimba kwenye hezi 34 hivi, upana wa mita 4 kwenye hezi 43. Vipimo viwili vikilingana, uvimbe unajirundika mahali pamoja, kwa hiyo epuka chumba cha mraba. Usiweke viti vimegusa ukuta wa nyuma, besi inalundikana hapo, wala katikati kabisa ya chumba, kwa sababu baadhi ya noti hupotea pale. Sabufa mbili za kawaida zilizowekwa sehemu tofauti husambaza besi sawasawa zaidi kuliko moja kubwa. Kwa mwangwi, kaa kwenye kiti chako huku mwenzako akitembeza kioo kwenye ukuta wa pembeni. Unapoiona spika ndani ya kioo, weka paneli nene hapo.

Halafu hewa. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, maana husahaulika mpaka siku ya kwanza ya wageni. Umeziba kila tundu, sasa watu sita wamekaa ndani. Kila mtu anatoa joto la karibu wati 100, projekta inaongeza wati 300 hivi, na risiva nayo inapika. Hiyo ni sawa na kuwasha hita ndogo ndani ya boksi lililofungwa kwa saa mbili. Lazima pawe na kiyoyozi kisicho na kelele na njia ya kuingiza hewa safi, yenye bomba pana na kona kadhaa ili hewa ipite polepole na sauti isitoroke nayo. Kama bajeti haifiki hapo, usijenge chumba kilichozibwa.

Kwa maoni yangu, nusu nzima ya fedha iende kwenye mlango, kuta, hewa na umeme. Vifaa utavibadilisha huko mbele, lakini ukuta hutaubomoa. Na dirisha usilijenge likapotea. Lifunike kwa ubao unaoweza kufunguliwa, ili siku ya kuuza au kupata mgeni wa kudumu kiweze kurudi kuwa chumba cha kulala.

Nafasi ya nne: projekta kwenye sebule yenye mwanga

Ninaiweka mwisho bila kusita. Mchana picha inafifia, usiku kuta nyeupe zinaiosha. Projekta ndogo za bei rahisi zinaongeza tatizo jingine: namba za lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) kwenye boksi mara nyingi hazina kipimo kinachoeleweka. Tafuta zilizoandikwa lumeni za ANSI au za ISO 21118, ambavyo ni viwango rasmi vya upimaji, na kama boksi halisemi, usiliamini. Njia ya kati ni projekta inayokaa karibu kabisa na ukuta, ikiwa na skrini maalumu inayokataa mwanga wa juu. Skrini hiyo inasaidia sana dhidi ya taa za dari, lakini dirisha lililo mkabala nayo bado litaishinda.

Ukiamua kujenga

Kabla ya plasta au jipsamu kufunga ukuta, pitisha nyaya zote, hata za vifaa ambavyo hujavinunua. Mfumo wa sauti wa Dolby Atmos ulioingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na majumbani 2014 unatumia spika za darini. Unaweza kuanza na mfumo wa 5.1 (spika tano na sabufa moja) na kuacha nyaya za dari zikisubiri. Kebo ya HDMI, inayobeba picha na sauti, usiizike peke yake. HDMI 2.1 hubeba hadi gigabiti 48 kwa sekunde, na kebo ya kawaida ya shaba huanza kushindwa mwendo huo baada ya mita chache, hivyo kwa projekta iliyo mbali tumia kebo ya nyuzi za mwanga. Ipitishe ndani ya paipu pana inayoweza kupitisha kichwa cha kebo, isiyo na kona kali, na uache uzi ndani yake wa kuvutia kebo nyingine baadaye. Kebo yenyewe iunganishe na vifaa, uijaribu kwa filamu nzima ya 4K ikiwa bado iko wazi sakafuni, ndipo umruhusu fundi afunge ukuta.