Usonji: upungufu wa mmoja au pengo la wawili?

Mwaka 1985, wanasaikolojia Baron-Cohen, Leslie na Frith waliwaonyesha watoto wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kikapuni, anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Jibu ni kikapuni, maana hakuona ikihamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wengine), 16 walionyesha boksi. Wakahitimisha kwamba watoto hao wanashindwa kutambua fikra za wengine. Lakini wanne walipatia, na hao siwezi kuwapuuza.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aligeuza swali: kutoelewana kuna pande mbili, maana nasi tusio na usonji hatuwaelewi wao. Mtoto akikodolea macho feni huku unamsemesha, unasema hajali. Kumbe huenda kila neno amelisikia. Mimi niko na Milton.