Katriji za santuri: sikiliza wimbo wa mwisho kabla hujatoa pesa

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji ni yale yale. Mtu amenunua katriji (kile kifaa kidogo chenye sindano, mwisho wa mkono wa pleya) ya bei kubwa, nyimbo mbili za mwanzo zinalia vizuri kabisa, halafu akifika wimbo wa mwisho wa upande mwimbaji anaanza kukwaruza. Kila "s" na "sh" inachana masikio, tarumbeta zinapasuka. Anaambiwa santuri imechakaa. Mara nyingi santuri haina kosa lolote.

Kwa hiyo humu sizungumzii besi, wala mwonekano, wala kasha zuri la mbao. Nimezipanga katriji kwa jambo moja tu: sindano inafanya nini inapokaribia lebo.

LP, yaani santuri kubwa, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama sentimita 21 tu. Muziki ule ule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Vikona vya mfereji vinakuwa vidogo mno, na almasi yenye ncha ya mviringo haiwezi kuvifuata. Inaviruka, na huko kuruka ndiko unakosikia kama mkwaruzo. Santuri ndogo za 45 huzunguka upesi zaidi, ila nyimbo zake huishia karibu zaidi na kitovu, kwa hiyo unafuu ni mdogo. Na sisi tunaokusanya muziki wa dansi tunajua zilivyotengenezwa: wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, mashairi upande A, chemko, pale muziki unapochangamka, upande B. Magitaa na tarumbeta vikipamba moto, sindano iko pale pabaya kuliko pote.

Namba moja yangu ni Audio-Technica AT-OC9XML. Mimi ni mtu wa Audio-Technica na sifichi. Tangu mwaka 1962 Wajapani hawa wametengeneza katriji, na ncha nyembamba nzuri hawaziweki kwenye bidhaa za matajiri peke yake. Hii ina ncha ya maikrolinia, yaani iliyochongwa nyembamba sana, juu ya kijiti cha boroni kinachoishika almasi. Bado ni mpya kwangu, haijalainika, basi chukua haya kama maoni ya mwanzo. Sauti za juu zina ukali kidogo, na besi ingeweza kujaa zaidi. Lakini niliiweka kwenye wimbo wa mwisho wa LP ya taarab ambayo nilikuwa sipendi kuufikia, na fidla zilikaa mahali pake, ala ya kanuni ikasikika uzi kwa uzi, na mwimbaji alipotamka maneno yenye "sh" hapakuwa na mchaniko wowote. Nilirudia pale pale, nikisubiri kasoro. Haikuja. Ujue tu kwamba inatoa milivolti 0.4, hivyo amplifaya yako ya fono (ya kukuzia sauti ya santuri) lazima iwe na sehemu ya MC, ya katriji zenye mawimbi dhaifu kama hii, na ncha ikiisha huichomoi nyumbani ukaweka nyingine.

Namba mbili ni VM95ML, ya kampuni hiyo hiyo, na ndiyo ninayowaambia watu wengi wanunue. Bei yake ni kama theluthi ya ile ya kwanza. Ncha ni ya aina ile ile ya maikrolinia, kijiti ni cha alumini, milivolti 3.5, inakubali amplifaya ya kawaida. Sindano inachomoka kwa vidole. Mwenye VM95E, ndugu yake yenye ncha ya duaradufu, anunue sindano ya ML (maikrolinia) peke yake, maana mwili ni ule ule. Tena kampuni yenyewe inakadiria saa 1,000 kwa maikrolinia dhidi ya saa 300 kwa ncha ya duaradufu, kwa hiyo anayekwambia ML ni ghali hajapiga hesabu.

Ortofon 2M Bronze na 2M Black nazipa nafasi ya tatu kwa pamoja. Ncha zao nyembamba, ziitwazo Fine Line na Shibata, zinafika mwisho wa upande bila aibu, na unaweza kuanza na Bronze kisha ukaweka sindano ya Black baadaye. Ila mwili ni mrefu, na kama mkono wa pleya yako haupandi juu utahangaika.

Katriji iitwayo Hana ML ni tamu, laini, haichoshi. Inazidi dola 1,000. Sioni kwa nini.

Halafu Denon DL-103, ambayo najua nitatukanwa kwayo. Ilitengenezwa miaka ya 1960 pamoja na shirika la utangazaji la Japani, NHK, na sauti yake ya kati ina unene unaopendwa na wengi. Lakini ncha ni ya mviringo, na mwisho wa LP yenye tarumbeta nyingi inanishinda. Za bei nafuu, AT3600L na 2M Red, zinapiga. Kwa kipimo hiki zinaanguka mapema.

Hata katriji bora ikifungwa vibaya itakwaruza. Kwenye pleya ya Technics SL-1200 kiwanda kinataka milimita 52 kutoka pale kichwa kinachobeba katriji kinapogusa mkono hadi ncha ya almasi. Pima kwa rula, mchana, penye mwanga. Kwa santuri za 45 mimi hutumia mpangilio wa Stevenson, namna mojawapo ya kuelekeza katriji, kwa sababu unaiweka sindano sawasawa na mfereji karibu kabisa na lebo.

Sasa wauzaji. Nimekaa mbele ya spika za maduka mengi na sijaona hata mmoja akishusha sindano kwenye wimbo wa mwisho bila kuombwa. Ukiomba, anakutazama kama umemtukana. Mmoja alitaka bei ya mpya kwa katriji ya mtumba, "imetumika kidogo tu mama," na kijiti kilikuwa kimepinda upande, nakiona kwa macho yangu. Ukiagiza mwenyewe nje, VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya haikatwi kwenye bei ya katriji peke yake. Usafiri na ushuru vinajumlishwa kwanza, ndipo kodi inakaa juu yake. Hilo naweza kulieleza. Nisichokubali ni muuzaji anayeongeza faida kubwa juu ya hayo yote, kisha ukimwomba risiti na dhamana ya maandishi anakwambia kifaa hiki hakina dhamana kwa kuwa ni sindano. Mwachie katriji yake.