Filamu au dijitali: kupiga picha wawindaji wanaowinda kwa tai wa Bayan-Ölgii

Kipupwe magharibi mwa Mongolia, nyuzi -25 si ajabu. Baridi hiyo hunyonya betri ya dijitali, kwa hiyo weka mbili za akiba kifuani, chini ya koti. Kamera ya filamu ya kimakanika haina shida hiyo, ila filamu yenyewe hukakamaa: ukiizungusha kwa pupa hukatika, au umeme tuli huacha michirizi kama radi kwenye negativu.

Tai akiruka kutoka glavu ya mpanda farasi, dijitali haina mpinzani: 1/2000 ya sekunde, picha mfululizo. Mwindaji akitulia, barafu imeshika manyoya ya kofia, mimi nachagua HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, na kichujio cha njano. Anga la buluu linakolea kwa gharama ya stopu 1 tu, yaani nusu ya mwanga.

Theluji hudanganya vipima mwanga vya kamera zote mbili. Ongeza mwanga kwa stopu 1 hadi 2.