Sanduku la Battle Academy kwa anayeanza Pokémon: nimelitumia hapa Unguja

Ukitaka kuanza karata za Pokémon hapa kwetu, kitu cha mwanzo cha kutafuta si karata nzuri, ni mtu wa kucheza naye. Ndiyo maana nalisifu sanduku la Battle Academy. Ndani mna jozi 3 kamili, kila moja karata 60, pamoja na ubao wa kukunja, sarafu ya kurusha na vidoto vya kuhesabia mapigo. Unamkabidhi mwenzako jozi moja, unashika yako, mnaanza. Yeye hanunui chochote. Langu ni toleo la 2024, lenye jozi ya Pikachu, ya Darkrai na ya Armarouge. Lilikuja na mizigo ya shemeji kutoka Dubai.

Mchezo wa kwanza msizichange karata. Zimepangwa makusudi, na kijitabu kinakuongoza zamu kwa zamu: chota hii, weka ile, piga. Mpwa wangu wa darasa la sita alishika mwendo siku hiyohiyo, ingawa Kiingereza cha kwenye karata nilimsomea mimi.

Waliolelewa na wahedi wa sitini watasumbuka kidogo, kwa sababu hapa hakuna turufu wala mwenza. Unaanza na karata 7 mkononi, na 6 nyingine unaziweka kando kifudifudi. Hizo ndizo zawadi zako. Ukimwangusha Pokémon wa mpinzani, yaani kiumbe aliyechorwa kwenye karata yake, unachukua moja, au mbili akiwa wa aina ya ex, wale wenye nguvu zaidi walioandikwa “ex” baada ya jina, na anayemaliza zake zote kashinda. Unaweza pia kufungwa kwa kuishiwa na Pokémon uwanjani, au zamu yako ikifika huna cha kuchota.

Utamu wenyewe uko kwenye karata za nishati, zile zinazompa Pokémon nguvu ya kupiga. Ni moja tu unayoruhusiwa kubandika kutoka mkononi kwa zamu, na Pokémon akianguka anaondoka na zote alizobandikwa. Lakini wanaoanza humrundikia yule mkubwa wa mbele, akipigwa hawana tena kitu. Mzee mmoja wa barzani kwetu, bingwa wa dhumna, alikaa akatutazama, kisha akaomba jozi. Wa mbele akamwacha apigwe tu, huku anamlea mwingine kimyakimya benchi, yaani safu ya nyuma ya akiba. Usiku ule hakufungwa na mtu.

Sasa pakiti. Pakiti ya kawaida ya Kiingereza ina karata 10, na huzijui mpaka uipasue. Mama aliniuliza kama hii si kamari, na si yeye wa kwanza kuuliza: Saudi Arabia ilipiga marufuku Pokémon mwaka 2001, na kamari ilikuwa miongoni mwa hoja zake. Kucheza bila dau sioni taabu. Lakini kulipia kitu usichokijua, ukitumaini itoke ya thamani, mimi nakaa mbali nako, na anayeanza nawe kaa mbali. Ukihitaji karata fulani, agiza hiyo hiyo moja.

Kuna na za bandia. Mpwa alinunua pakiti katika duka moja la vitu vya watoto mjini, akaja nayo: “Mjomba, mbona hizi nyuma zimepauka?” Alikuwa na jicho. Hilo ni faida nyingine ya sanduku: una karata halali za kulinganishia rangi ya mgongo, maandishi na uzito wa karatasi. Zile za dhahabu zinazong'aa mbele na nyuma usihangaike hata kuzilinganisha.

Unyevu ndio adui ambaye kijitabu hakimtaji. Karata zinazong'aa zina utando wa metali juu ya karatasi. Karatasi hunywa unyevu, utando haunywi, basi masika yakiingia zinajipinda. Nimeziweka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Msizianike juani. Na kusi ikivuma msichezee nje, mtaokota karata mpaka nyumba ya jirani.

Wa kucheza naye akikosekana, programu ya Pokémon TCG Live ni ya bure na kanuni zake ni hizi hizi, bando tu ndilo litakalokugharimu. Msiichanganye na programu nyingine, Pokémon TCG Pocket, ambayo jozi yake ni karata 20 na mshindi ni wa pointi 3.

Sanduku halina vifuko vya kuvalisha karata, na hiyo ndiyo lawama yangu kubwa. Mtakapoviagiza, tazameni kipimo: karata hizi ni milimita 63 kwa 88, na vile vidogo vya Yu-Gi-Oh! vinazibana. Vya jozi zote tatu ni 180. Msivalishe zile nzuri tu, kwa sababu mpinzani ataijua karata yenu kabla hamjaichota.