Supachaja gani ufunge kwenye gari la mtaani Kampala: kutoka ya kwanza hadi ya kutupa

Kama unaendesha Impreza WRX au Forester iliyotoka kiwandani na tabo, pesa zako zipeleke kwenye breki na matairi. Hapa nasema na mwenye Mark X, Altezza, BMW ya silinda sita au Benz ndogo, anayetaka nguvu iitike mguu unapogusa mafuta.

Supachaja huzungushwa kwa mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki. Inasukuma hewa ndani ya silinda, kompyuta inaongeza petroli, gari linaondoka. Tabo inategemea moshi wa ekzosi, kwa hiyo huchelewa kidogo. Gharama ya kutochelewa ni kwamba supachaja inakula sehemu ya nguvu ya injini yenyewe kila inapozunguka.

Kabla ya kuangalia bei, angalia mahali unapoishi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mombasa ina shinikizo la psi 14.7 (psi ni kipimo cha shinikizo, ratili kwa kila inchi ya mraba), ya kwetu ni karibu 12.8. Injini ya kawaida imeshapoteza kama asilimia 13 ya pumzi yake kabla hujatoka getini. Supachaja nayo haikwepi hesabu hiyo: seti iliyoandikwa psi 7 huko pwani itakupa 6 hivi hapa, kwa puli ile ile. Unaweza kuweka puli ndogo zaidi kufidia, lakini utaizungusha kwa kasi zaidi na hewa itatoka ya moto zaidi. Kwa gari la kila siku mimi ningeiacha hiyo psi moja.

Ya kwanza: Roots ya kisasa, aina ya Eaton TVS

Mtindo huu ni wa kale. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, wa Indiana, Marekani, ndio walioupatia hataza mwaka 1860, na ulikuwa wa kupuliza hewa viwandani, si wa magari. Zile za zamani za kampuni ya Eaton zina roti (vyuma viwili vinavyozunguka ndani na kusukuma hewa) za ncha tatu. TVS ina ncha nne zilizosokotwa nyuzi 160, na hiyo imepunguza sana kelele na joto.

Naiweka juu kwa sababu ya barabara zetu. Ukipanda Makindye nyuma ya lori, au ukitaka kupenya pengo kabla boda hazijaliziba, injini iko kwenye mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, huko chini kabisa. Roots inasukuma hewa kuanzia hapo hapo. Ubaya wake ni joto, na joto ndilo adui wa foleni. Nunua seti yenye intakula ya maji (kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini), yenye rejeta yake ndogo na pampu yake ya umeme, na hakikisha pampu hiyo inaendelea kufanya kazi gari likiwa limesimama. Dakika arobaini Jinja Road bila hiyo, chuma chote juu ya injini kinakuwa jiko.

Ya pili: ya sentrifugo (Vortech, ProCharger, Rotrex)

Hii inafanana na nusu ya tabo, ila inavutwa na mkanda. Shinikizo lake hukua kwa mraba wa kasi: inayotoa psi 7 kwenye mizunguko 7,000 haifiki 2 kwenye 3,500. Mtaani utaisikia zaidi kuliko utakavyoihisi. Hata hivyo ina sifa mbili kubwa. Hufungwa ubavuni bila kugusa manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), na haiilemei injini huko chini ambako petroli mbovu huanza kugonga pistoni. Kwa Altezza inayopenda kupaa juu, ningeichagua hii kabla ya TVS.

Angalia kichungi kinapokaa. Seti nyingi hukishusha chini nyuma ya bampa, kwenye hewa baridi. Barabara ya murramu itakijaza vumbi, na feni inayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika haivumilii mchanga. Siku ya mvua Bwaise, mtaa wa mafuriko, utavuta maji. Rotrex ina mafuta yake maalumu, wala oili ya injini si mbadala. Yaagize pamoja na seti.

Ya tatu: skrubu pacha (Whipple, Kenne Bell)

Inabana hewa ndani ya gamba lake, kwa hiyo ni fanisi na inavuta tangu chini. Lakini seti nyingi zimetengenezewa V8 za Marekani, na bei yake ni kali. Una Mustang? Nunua. Huna, songa mbele.

Ya nne: iliyotumika, kutoka Kisekka

Wengi tutaishia hapa, kwenye soko la vipuri la Kisekka, na si aibu. Utakuta Eaton M45 na M62 za Benz za Kompressor (ndivyo Benz wanavyoita magari yao yenye supachaja), au SC14 ya Toyota iliyokaa kwenye Crown na Mark II za injini ya 1G-GZE. Namba hizo ni ukubwa wa hewa kwa mzunguko mmoja: M45 ni inchi za ujazo 45, kama lita 0.74, M62 ni lita moja, SC14 ni lita 1.4. Ukiifunga M45 kwenye injini ya lita 2.5 utalazimika kuizungusha hadi ichoke.

Izungushe kwa mkono ukiwa bado dukani. Isikwame popote, roti zisiwe na mikwaruzo. Eaton ina mafuta yake puani, upande wa puli, ambayo wenye magari wengi hawajui kuwa yapo. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, punguza bei au ondoka. Ukinunua Mini Cooper S ya 2002 hadi 2006 nzima, kumbuka pampu ya maji inaendeshwa na supachaja: gia hizo zikikauka, injini inachemka.

Magari hayo ya zamani hayaagizwi tena, kwa sababu tangu 2018 sheria inazuia kuingiza gari la miaka 15 na zaidi. Utachagua kati ya yaliyoko nchini tu.

Na bajeti yako isiishie kwenye supachaja. Injekta kubwa, pampu ya petroli na fundi wa kutyuni kompyuta ndivyo vinavyolinda pistoni. Mark X ya 2.5 inabana hewa kwa uwiano wa 12 kwa 1 na hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo usiifungie chochote mpaka fundi akuonyeshe nyingine aliyoifanya ikatembea.

Ya mwisho: "supachaja ya umeme" ya mtandaoni

Supachaja ndogo ya kweli inataka kilowati kama kumi ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 800, na oltaneta yako inatoa mia moja hivi. Audi walipotaka kompresa ya umeme kwenye SQ7, ilibidi waweke mfumo wa volti 48, nayo inavuta kilowati 7 kwa muda mfupi tu. Kile kifeni cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara hakiwezi hata kuijaza mipira ya watoto.